Kujumlisha Namba Chanya na Namba Hasi katika Mafumbo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanafunzi wengi hukokotoa −7 + 12 bila shida yoyote, kisha hukwama hesabu ileile inapovikwa maneno. Kwa uzoefu wangu wa kufundisha, kosa mara nyingi halimo kwenye ukokotoaji, bali hutokea mapema zaidi, pale ambapo maneno ya fumbo yanageuzwa kuwa namba zenye alama. Kwa sababu hiyo majibu yaliyo hapa chini yanakaa kwa muda mrefu kwenye hatua hiyo, na yanapita kwa haraka kwenye kanuni ambazo kila kitabu cha hisabati tayari kinazo.

Namba kamili ni zipi, na alama ya hasi ina maana gani ndani ya fumbo?

Namba kamili ni namba zisizo na sehemu wala desimali: 1, 2, 3 na kuendelea, pamoja na sifuri, pamoja na −1, −2, −3 na kuendelea. Sifuri yenyewe si chanya wala si hasi. Katika hesabu isiyo na maneno, alama ya hasi hutuambia tu kwamba namba iko upande wa kushoto wa sifuri kwenye mstari wa namba. Ndani ya fumbo alama hiyo hubeba habari kamili. Namba −12 inaweza kuwa mita 12 chini ya usawa wa bahari, deni la 12, sekunde 12 kabla ya roketi kuruka, au timu iliyofungwa mabao 12 zaidi ya yale iliyoyafunga. Namba haibadiliki katika hali zote hizo. Kinachobadilika ni kile ambacho sisi tumekubaliana kukiita sifuri.

Nianze wapi ninapokutana na fumbo la aina hii?

Anza na sifuri. Kabla ya kuandika hesabu yoyote, andika kwa maneno sifuri ni nini katika fumbo hilo, upande upi utauita chanya, na ni kitu gani hasa kinachoulizwa. Mistari mitatu mifupi inatosha, na haichukui hata dakika moja.

Tuchukue fumbo hili: nyambizi iko mita 140 chini ya uso wa bahari, inapanda mita 95, kisha inashuka mita 30, sasa iko wapi? Sifuri ni uso wa bahari, juu ni chanya, na kinachoulizwa ni mahali ilipo nyambizi mwishoni. Hesabu inakuwa −140 + 95 + (−30). Kwanza −140 + 95 = −45, kisha −45 + (−30) = −75. Nyambizi iko mita 75 chini ya uso wa bahari.

Mtu mwingine angeweza kuchagua sifuri iwe pale nyambizi ilipoanzia. Kwake hesabu ingekuwa 0 + 95 + (−30) = 65, yaani nyambizi iko mita 65 juu ya mahali ilipoanzia, na kwa kuwa mahali hapo palikuwa kwenye kina cha mita 140, imebakiza mita 75 kufika juu. Namba ni tofauti, lakini bahari ni ileile na nyambizi ni ileile. Mwanafunzi akiliona jambo hili mara moja kwa macho yake, huacha kuamini kwamba alama za hasi zinatoka kwa mwalimu, na huanza kuzipanga mwenyewe. Kosa kubwa ni kuanza na sifuri moja na kumalizia na nyingine bila kujua.

Je, namba zote ndani ya fumbo ni za aina moja?

Hapana, na kwangu hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote katika ukurasa huu. Namba yenye alama inaweza kueleza mahali kitu kilipo, au inaweza kueleza badiliko lililotokea. “Nyuzi −5” zinazosomwa kwenye kipimajoto ni mahali. “Joto limeshuka kwa nyuzi 5” ni badiliko, na badiliko hilo nalo huandikwa −5. Zinafanana kabisa kwenye karatasi, lakini hazifanyi kazi moja.

Ukiongeza badiliko kwenye mahali, unapata mahali papya: −5 + (−3) = −8, yaani kipimajoto kilisoma nyuzi −5, joto likashuka nyuzi 3, sasa kinasoma −8. Ukijumlisha badiliko na badiliko unapata badiliko la jumla: joto lilishuka nyuzi 5, likashuka tena nyuzi 3, kwa pamoja limeshuka nyuzi 8. Lakini ukijumlisha mahali na mahali, mara nyingi hupati kitu chochote. Kama mji mmoja una nyuzi −5 na mji mwingine una nyuzi −3, jumla ya −8 si joto la mji wowote. Ukokotoaji ni sahihi, fumbo ndilo halina maana.

Ipo hali ambayo jumla kama hiyo inakubalika, nayo ni pale namba zinapohesabu vitu vinavyoweza kuunganishwa kweli. Akaunti moja ikiwa na salio la 60 na nyingine ikiwa na deni la 85, mwenye akaunti zote mbili kwa jumla yuko kwenye 60 + (−85) = −25. Fedha na deni huunganishwa. Joto la miji miwili haliunganishwi.

Je, ipo orodha ya maneno yanayoonyesha chanya na hasi ambayo ninaweza kuikariri?

Maneno kama kupanda, kupokea, kuongezeka na mbele kwa kawaida huelekea upande wa chanya, na maneno kama kushuka, kulipa, kupungua, hasara na nyuma huelekea upande wa hasi. Orodha ya namna hiyo husaidia siku za mwanzo, lakini siishauri kama njia ya kudumu, kwa sababu mtunzi makini wa mafumbo huivunja kwa sentensi moja tu.

Tazama sentensi hii: “Alfajiri kipimajoto kilisoma nyuzi −6, ambazo ni nyuzi 4 chini ya kiwango cha saa sita usiku.” Anayewinda neno “chini” ataandika −6 + (−4) na kupata −10. Lakini aliyeko chini ni alfajiri, si saa sita usiku; kiwango cha saa sita usiku kilikuwa juu zaidi, kwa hiyo hesabu ni −6 + 4 = −2. Tazama na hii: “Anadaiwa 30 zaidi ya mwenzake, ambaye anadaiwa 50.” Neno “zaidi” linaonekana kama chanya, lakini kinachozidi ni deni, na hesabu ni −50 + (−30) = −80.

Kiswahili chenyewe kina mtego wake, maana herufi moja ndani ya kitenzi inaweza kugeuza alama. Aliyelipa 40 amepungukiwa na 40; aliyelipwa 40 amepata 40. Anayedai 40 ana haki ya kupokea, anayedaiwa 40 ana wajibu wa kutoa. Macho yanayosoma haraka huona “lipa” na “dai” tu na kuruka herufi zilizobaki. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wangu wasome fumbo mara mbili: mara ya kwanza kwa kuzifunika namba na kusimulia tu nani yuko wapi, nani anampa nani, na kitu kinaelekea wapi, mara ya pili ndipo namba ziingie. Anayeweza kusimulia kisa bila namba hakosei alama mara kwa mara.

Kanuni ya kujumlisha ni ipi, kwa ufupi?

Alama zikifanana, jumlisha namba bila kuangalia alama zake, kisha weka alama hiyohiyo kwenye jibu. Alama zikitofautiana, tafuta tofauti ya namba hizo bila alama, kisha weka alama ya ile iliyo mbali zaidi na sifuri. Mathalani 9 + (−15): tofauti ya 15 na 9 ni 6, iliyo mbali na sifuri ni −15, basi jibu ni −6. Sababu yake inaonekana kwenye fedha: mwenye 9 anayedaiwa 15 hulipa 9 alizonazo, na deni linalobaki ni 6. Kilichotokea ni kwamba sehemu moja ya deni na fedha zote alizokuwa nazo vimefutana.

Nikitumia mstari wa namba napata jibu lililopungua kwa moja. Kwa nini?

Kosa hili ni dogo na linakatisha tamaa sana, hivyo linastahili kutazamwa kwa karibu. Mwanafunzi anatafuta −7 + 12. Anaweka ncha ya penseli juu ya −7 na kutamka “moja”, anahamia −6 na kutamka “mbili”, anahamia −5 na kutamka “tatu”, na anaendelea hivyo mpaka anapotamka “kumi na mbili” akiwa juu ya 4. Anaandika 4. Jibu sahihi ni 5.

Alichofanya ni kuhesabu vituo badala ya hatua. Alipokuwa bado amesimama kwenye −7 hakuwa amekwenda popote, kwa hiyo hapo hapana cha kuhesabu. “Moja” hutamkwa penseli inapotua kwenye −6. Dawa inayofaa ni kuchora upinde mdogo kutoka namba moja hadi nyingine na kuhesabu pinde, kwa kuwa upinde hauwezi kuchorwa bila kuondoka. Hatua zinapokuwa nyingi, igawe safari kwenye sifuri: kutoka −7 hadi 0 ni hatua 7, katika 12 zimebaki 5, basi unafika kwenye 5. Njia hii ya kupitia sifuri ni ya haraka kuliko kuhesabu moja moja, na ndiyo ninayotumia mwenyewe kichwani.

Niliambiwa kwamba hasi na hasi ni chanya. Mbona −5 + (−3) si 8?

Usemi huo ni wa kuzidisha na kugawanya, lakini hukaririwa bila sehemu yake ya pili, na umewaponza wanafunzi wengi. Ni kweli kwamba −5 × −3 = 15. Katika kujumlisha hali ni nyingine kabisa: mwenye deni la 5 akichukua deni jingine la 3 hawi tajiri, bali anadaiwa 8. Jibu ni −8.

Mfano mzuri wa namba mbili hasi zinazojumlishwa ni Bahari ya Chumvi iliyo kati ya Yordani na Israeli. Uso wa maji yake uko takribani mita 430 chini ya usawa wa bahari kuu, na sehemu yake yenye kina kirefu zaidi inashuka takribani mita 300 chini ya uso huo. Sakafu ya sehemu hiyo basi iko kwenye −430 + (−300), yaani takribani mita 730 chini ya usawa wa bahari. Mtu aliyeko kwenye ufuo wake yuko chini tayari, na akizama anazidi kwenda chini. Hakuna namna ambayo kuzama huko kungemtoa juu ya usawa wa bahari. Ukiona jumla ya namba hasi mbili imekupa jibu chanya, ujue kanuni ya kuzidisha imeingia mahali pasipo pake.

Kwa nini mabano yanawekwa kwenye 8 + (−11)?

Kwa sababu alama mbili zilizo pale zina kazi tofauti. Ya kwanza ni amri ya kujumlisha, ya pili ni sehemu ya namba yenyewe. Mabano huzuia alama hizo zisigusane na kusomwa vibaya. Unaweza kuandika 8 − 11 na kupata jibu lilelile la −3, ila kwa anayeanza nashauri aendelee kuweka mabano mpaka azoee, maana yanamkumbusha kwamba namba hasi imeingia kwenye kisa kama tukio kamili lenye mwelekeo wake.

Kutoa namba hasi kunaingiaje kwenye mafumbo ya kujumlisha?

Kunaingia kila mara kitu kibaya kinapoondolewa. Kutoa namba yoyote ni sawa na kujumlisha kinyume chake, na kinyume cha −20 ni 20; ndiyo maana −35 − (−20) = −35 + 20 = −15. Wanafunzi huikubali kanuni hii kwa shingo upande, kwa sababu alama mbili zinaonekana kugeuka bila sababu. Sababu ipo, na inaonekana ukikitazama kitendo chenyewe.

Mtu ana madeni mawili, moja la 20 na jingine la 15, na hana fedha taslimu. Hali yake ni −35. Aliyemkopesha 20 anaamua kumsamehe. Hakuna fedha aliyopewa mkononi, lakini deni la 20 limeondolewa, na tendo la kuondoa deni la 20 huandikwa − (−20). Hali yake sasa ni −15. Kama badala ya kusamehewa angepewa zawadi ya 20 na kulipia deni hilo, hali yake ingekuwa −35 + 20, yaani −15 vilevile. Visa ni viwili, lakini vinamfikisha mahali pamoja, na hicho ndicho kanuni inachokisema.

Mfano wa pili ni wa michezo ya maswali na majibu yenye alama za adhabu. Timu ina alama 12, na ndani yake imo adhabu ya alama 5 iliyotolewa mapema. Waamuzi wakigundua kwamba adhabu ile ilitolewa kimakosa, wataiondoa: 12 − (−5) = 12 + 5 = 17.

Fumbo likiwa na mabadiliko mengi, je, lazima nifuate mpangilio wake?

Ikiwa unatafuta mahali pa mwisho tu, si lazima. Namba zinazojumlishwa zinaweza kupangwa upya bila jumla kubadilika, hivyo ni rahisi kukusanya chanya zote upande mmoja na hasi zote upande mwingine. Lifti inaanzia ngazi ya 2 chini ya ardhi, inapanda ngazi 9, inashuka 4, inapanda 3, inashuka 8, katika jengo ambalo ngazi ya barabarani ni sifuri. Chanya ni 9 + 3 = 12; hasi ni −2 + (−4) + (−8) = −14; jumla ni −2, na lifti imerudi ilikoanzia.

Mpangilio huwa na maana pale swali linapogusa njia iliyopitiwa. Ukiulizwa ngazi ya juu zaidi ambayo lifti ilifika, lazima uende hatua kwa hatua: −2, 7, 3, 6, −2. Jibu ni 7, na njia ya makundi isingekuonyesha hilo kamwe. Vivyo hivyo ukiulizwa kama akaunti iliwahi kuingia kwenye deni mwezi huo: salio la mwisho linaweza kuwa chanya ilhali katikati lilipita chini ya sifuri.

Nitajuaje kama swali linataka mahali pa mwisho au ukubwa wa badiliko?

Soma swali lenyewe tena baada ya kumaliza kusoma kisa, kwa sababu kisa kimoja kinaweza kubeba maswali yote mawili. Historia ya hali ya hewa inatupa mifano miwili yenye namba zinazotosha kabisa kwa somo hili. Katika mji wa Browning, jimbo la Montana, Marekani, kati ya tarehe 23 na 24 Januari 1916, joto lilianguka kutoka nyuzi 44 za Fahrenheit hadi nyuzi −56 katika muda usiozidi siku moja. Anayeulizwa mahali pa mwisho anapewa mwanzo na badiliko: 44 + (−100) = −56. Anayeulizwa badiliko anapewa mwanzo na mwisho, na lazima atafute namba ambayo ikijumlishwa na 44 inatoa −56. Kupita kwenye sifuri kunamsaidia, maana ni nyuzi 44 hadi sifuri na nyuzi 56 zaidi chini yake.

Mfano wa pili ni wa mji wa Spearfish, South Dakota, tarehe 22 Januari 1943, ambako joto lilipanda kutoka nyuzi −4 za Fahrenheit hadi nyuzi 45 katika dakika mbili, kutokana na upepo wa joto ulioshuka kutoka milimani. Wanafunzi wengi husema limepanda nyuzi 41, kwa kuwa wameondoa 4 kwenye 45. Lakini −4 iko upande wa pili wa sifuri. Joto lilipanda nyuzi 4 kwanza ili kufika sifuri, kisha nyuzi 45, jumla 49. Hakiki: −4 + 49 = 45.

Na ukitaka fumbo la kumfikirisha mwanafunzi kwa muda: sehemu yenye kina kirefu zaidi ya Mfereji wa Mariana, katika Bahari ya Pasifiki, iko takribani mita 10,900 chini ya usawa wa bahari, na Mlima Everest una urefu wa takribani mita 8,849 juu ya usawa wa bahari. Kama mlima huo wote ungesimamishwa kwenye sakafu ya mfereji, kilele chake kingekuwa wapi? Hesabu ni −10,900 + 8,849 = −2,051. Kilele kingebaki zaidi ya kilomita mbili chini ya maji. Katika kisa hiki urefu wa mlima umegeuka kutoka kuwa mahali na kuwa badiliko, na ndiyo sababu kuujumlisha na kina kunakubalika.

Jibu langu ni −6. Je, niandike “kina cha mita −6”?

Hapana. Alama na neno vinaeleza jambo moja, hivyo tumia kimoja. Sema “mita 6 chini ya usawa wa bahari” au “mwinuko wa mita −6”. Sema “deni la 6” au “salio la −6”. Ukiandika “deni la −6”, msomaji makini ataelewa kwamba mtu huyo anadai 6, kinyume cha ulichokusudia.

Kwa nini hesabu za miaka ya kale hutoa jibu lenye kosa la mwaka mmoja?

Kwa sababu kalenda tunayoitumia haina mwaka sifuri. Mwaka 1 kabla ya Kristo ulifuatwa moja kwa moja na mwaka 1 baada ya Kristo, kwa hiyo mstari wa miaka una pengo mahali ambapo mstari wa namba una sifuri. Kaisari Augusto wa Roma alizaliwa Septemba mwaka 63 kabla ya Kristo na kufariki Agosti mwaka 14 baada ya Kristo. Ukiichukulia miaka hiyo kuwa −63 na 14, utasema kati yake kuna miaka 77. Ondoa mmoja kwa ajili ya mwaka sifuri usiokuwepo, utapata 76, na kwa kuwa alifariki mwezi mmoja kabla ya siku yake ya kuzaliwa, alikuwa na umri wa miaka 75.

Wanaastronomia waliliondoa tatizo hili kwa kuuita mwaka 1 kabla ya Kristo mwaka 0, mwaka 2 kabla ya Kristo mwaka −1, na kuendelea, ili kujumlisha na kutoa kufanye kazi kama kawaida. Saa ya kurushia roketi haina tatizo hili, kwa kuwa ina sifuri ya kweli: ikiwa kwenye sekunde −10, baada ya sekunde 25 itakuwa kwenye −10 + 25 = 15.

Je, kuna mfano ambao namba hasi ni vitu halisi, si mwelekeo tu?

Upo ndani ya kila atomu. Protoni hubeba chaji ya +1 na elektroni hubeba chaji ya −1, na moja ya kila aina zikikutana kwenye hesabu, jumla ni sifuri. Atomu ya sodiamu ina protoni 11 na elektroni 11, hivyo 11 + (−11) = 0. Ikipoteza elektroni moja inakuwa ioni yenye chaji ya 11 + (−10) = +1. Atomu ya klorini ina protoni 17; ikipokea elektroni moja inakuwa na elektroni 18, na chaji yake ni 17 + (−18) = −1. Ioni hizo mbili zikiungana, 1 + (−1) = 0, nayo ndiyo chumvi ya kawaida. Mwanafunzi aliyetumia vitufe vya rangi mbili darasani, kila jozi ya rangi tofauti ikifutana, ameshaifanya hesabu hii bila kuijua kemia.

Nani aliyeanza kuzitumia namba hasi?

Wachina wa kale walizitumia kwa vijiti vya kuhesabia, na Liu Hui, aliyeandika maelezo yake mwaka 263, alieleza kwamba vijiti vyekundu ni vya chanya na vyeusi ni vya hasi. Nchini India, Brahmagupta aliandika kanuni kamili mwaka 628 kwa kutumia lugha ya mali na deni: jumla ya mali mbili ni mali, jumla ya madeni mawili ni deni, na mali na deni vinavyolingana hutoa sifuri. Ulaya ilichelewa, hata mwaka 1758 Mwingereza Francis Maseres aliandika akipinga namba hizi. Nawaeleza wanafunzi jambo hili kwa makusudi, kwa sababu anayeona ugumu kwenye namba hasi anaona ugumu ambao wasomi wakubwa nao waliuona.

Ninahakiki vipi jibu langu?

Kabla ya kukokotoa, kisia alama ya jibu tu. Kipi kina nguvu zaidi katika kisa: kupanda au kushuka, mapato au matumizi? Kisha, baada ya kukokotoa, rudi nyuma: anzia kwenye jibu, tendua kila badiliko, uone kama unafika mwanzo. Kwa nyambizi ya hapo juu, −75 + 30 = −45, na −45 + (−95) = −140. Mwisho, andika jibu kwa sentensi kamili yenye kipimo. Wengi hugundua kosa lao wanapoandika sentensi hiyo, kwa mfano wanapojikuta wameirusha nyambizi mita 75 angani.

Ninawezaje kutunga fumbo langu mwenyewe?

Chukua hesabu, tuseme −9 + 14 = 5, kisha amua ni namba ipi utaificha. Ukificha 5 utapata fumbo jepesi: joto lilikuwa nyuzi −9, likapanda nyuzi 14, sasa ni nyuzi ngapi? Ukificha 14 utamlazimisha msomaji kuvuka sifuri: lilikuwa −9, sasa ni 5, limebadilika kwa kiasi gani? Ukificha −9 ndipo fumbo linapokuwa gumu kweli, kwa kuwa neno “limepanda” litamvuta msomaji kujumlisha, ilhali anatakiwa kurudi nyuma: baada ya kupanda nyuzi 14, joto ni nyuzi 5, lilianzia wapi?

Mpe fumbo hilo mtu ambaye hajaiona hesabu uliyoanzia, na umwombe aandike hesabu yake kabla ya kutafuta jibu. Akiandika hesabu tofauti na yako, muulize ni neno lipi lililompeleka huko, kisha lirekebishe neno hilo na umpe tena.